Rangi Zilizosema kwa Sauti ya Mama

Wiki iliyopita ofisini kwetu waliitoa stoo kompyuta moja ya zamani, ile ya kichogo, wakaichomeka kuona kama bado inafaa. Ilipopata joto ikatoa harufu. Kama hujawahi kuinusa, ni vumbi linaloungua taratibu juu ya plastiki, na ndani yake kuna kitu kama sweta lililopigwa pasi kabla halijakauka. Vijana wakaziba pua, mmoja akafungua dirisha akiuliza nani anaunguza nini. Mimi nikasogea karibu. Nilivuta ile harufu mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama, kisha nikaenda chooni kulia kidogo, maana nimefika umri ambao mtu hulia bila kuomba ruhusa.

Hiyo ndiyo harufu ya kipindi kile nilipoamini kwamba mama yangu amekufa, na nikamlilia nikamaliza, naye yu hai. Nimewahi kuwasimulia watu wawili watatu, wakacheka. Nami hucheka nao. Lakini si hadithi ya kuchekesha, na nikiisimulia vizuri mtaona.

Tulikaa pembezoni mwa mji wa Njombe, upande wa mashamba ya chai, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma ambayo Baba aliijenga kwa mshahara wa ualimu, yaani taratibu sana. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, picha za familia zilizotundikwa juu kabisa karibu na dari kana kwamba tungeziiba, na kompyuta. Wa rika langu mtakumbuka jinsi kompyuta zilivyoheshimiwa. Yetu ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, na kingine cha kiti chake. Baba aliitumia kuchapa mitihani ya shule. Sisi watoto tuliruhusiwa kuitazama.

Aliyeileta ni Baba mdogo, mdogo wake Baba, ambaye alikuwa na duka Makambako. Makambako ni mji wa njia panda, kila kitu kinapita pale, na Baba mdogo alikuwa na kipaji cha kuvizuia vitu visipite. Dukani kwake alichoma CD, alisafisha picha, na mwisho wa wiki alibeba kamera yake ndogo kwenda kurekodi harusi na misiba. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mizaha. Baba alikuwa kinyume chake, alisema jambo mara moja, na kama hukusikia, shauri yako. Lakini Baba ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa akishasema, mdogo hukohoa tu akanyamaza. Kumbukeni hilo, kwa sababu lilitugharimu.

Mama alikuwa akikaanga maandazi alfajiri na kuyauza shuleni wakati wa mapumziko. Alfajiri moja karai la mafuta lilipinduka. Mimi nilikuwa nimelala. Nilipoamshwa na kelele, Mama alikuwa ameshapakiwa kwenye pikapu ya jirani, amefunikwa khanga mpaka kichwani, na nilichokiona ni miguu yake, mmoja una kandambili na mwingine hauna. Niliuliza kuna nini. Nikaambiwa ameungua kidogo. Siku chache baadaye nikasikia amepelekwa Ikonda, kule Makete, ambako watu hutoka mbali kwenda kutibiwa. Baba alikwenda naye, na Bibi, mama yake Baba, akaja kukaa na sisi, yaani mimi na mdogo wangu Yohana ambaye alikuwa bado anaanguka akikimbia. Nyumbani wote waliniita Dada, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na mkubwa wa darasa la tatu anajiona mkubwa kweli.

Baba aliporudi kufundisha, alikuwa amekonda na hakutuambia mengi. Alisema Mama anaendelea vizuri. Kisha, kabla hajarudi Ikonda kumpelekea nguo, alipanda juu ya stuli akaitoa picha ya Mama ukutani, ile aliyopiga akiwa na sare ya kwaya, akaifunga kwenye gazeti akaiweka ndani ya begi. Ukutani ukabaki msumari na alama ya mraba ambako moshi haukufika.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo. Kwetu picha ya mtu mzima haishuki ukutani hivi hivi. Inapigwa vumbi palepale ilipo, hata nyumba ikipakwa rangi fundi huizunguka. Inashuka mtu akifa. Inashushwa, inawekewa maua pembeni, na siku ya mazishi mtoto au mjukuu huibeba kifuani, akatangulia mbele ya jeneza sambamba na yule anayebeba msalaba. Babu alipofariki, binamu yangu ndiye aliyeibeba, na nilimwonea wivu, Mungu anisamehe, kwa sababu watu wote walimpisha. Kwa hiyo Baba aliposhuka kwenye ile stuli na picha ya Mama mkononi, nilijua.

Mtasema ningeuliza, kuuliza si ujinga. Ningemuuliza nani? Kwetu msiba hauambiwi mtu kwa mara moja. Babu alipofariki, Baba aliitwa aje haraka, mzee amezidiwa, na wakati huo mzee alikuwa ameshaoshwa na kuvalishwa suti. Ndivyo inavyofanyika, mtu asije akaanguka njiani. Kwanza anaumwa, kisha hali si nzuri, kisha amezidiwa, ukifika unakuta turubai uani. Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo ya kupozea tangu nikiwa mdogo, na nilijua mtu mzima akikuambia "anaendelea vizuri" huku hakutazami, maana yake nini. Nikaona wananificha kwa sababu wananipenda, na nikiwaambia kwamba nimeshajua, nitawaaibisha. Basi nikanyamaza. Mchana Bibi akiwa shamba nilichukua sinia, nikalikumbatia kifuani na kufanya mazoezi ya kutembea polepole kutoka jikoni mpaka kwenye ua wa miti bila kutazama chini, ili siku wakiniambia niibebe picha, nisijikwae.

Hapo ndipo Baba mdogo alipokwenda Ikonda na kamera yake.

Alikuja Jumamosi, mchana, kukiwa na ukungu na Bibi amewasha moto wa kuni za miti ya miwati jikoni. Alitoa CD kwenye mfuko wa koti akasema amemleta shemeji yake, tukae tumwone. Baba akaacha kusahihisha madaftari. Kompyuta ikavuliwa kitambaa, ikawashwa, ikaanza kutoa ile harufu yake. CD ikaingia, ikalia ndani kwa ndani, kisha kikatokea kidirisha chenye maneno ya Kiingereza. Hakuna sauti, hakuna picha. Baba mdogo alijaribu tena, akaitoa CD akaipuliza, akaifuta kwa shati. Hakuna.

Akatueleza kwamba video ni kitu kilichokunjwa. Kamera inaikunja ili iwe ndogo, na kompyuta nayo lazima iwe na kitu cha kuikunjua, kinaitwa kodeki. Sauti ina kodeki yake, picha ina kodeki yake. Hii mashine yenu, alisema, haina ya hii wala ya hii. Yohana akauliza kama Mama amekunjwa. Baba mdogo akacheka peke yake, akasema atarudi Jumamosi nyingine na CD yenye kodeki za kila aina.

Nikawa na wiki nzima ya kufikiri kuhusu Mama aliyekunjwa.

Alirudi kweli, na CD ile akaiweka, na kwenye kioo ikatokea orodha ndefu, kila jina na kisanduku chake kidogo pembeni. Yalikuwa majina ya herufi zilizosimama pamoja bila kuelewana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Baba na birika la chai, na kwa kuwa nilikuwa mwepesi wa kusoma, nilitambua kwamba baadhi yameandikwa neno la sauti na mengine neno la picha. Baba aliuliza kwa nini wasiziweke zote, wamalize. Baba mdogo akasema hapana, hilo ndilo kosa la watu. Ukiweka zote, mbili zinazofanya kazi moja zitagombana, na mashine yenyewe ina kumbukumbu ndogo. Amewahi kuletewa dukani mashine iliyowekewa kila kitu ikawa haiwezi kucheza hata zile ilizokuwa ikizicheza zamani. Lazima uchague. Akaweka kidole kwenye kioo, akaonyesha moja ya sauti na moja ya picha, hizo mbili tu, akasema hizo zinatosha.

Baba akashika mausi. Akatia tiki kwenye ile ya sauti. Kisha mshale ukashuka mpaka kwenye ile ya picha, ukasimama pale. Birika lilinichoma vidole nikabadilisha mkono. Mshale ukapita.

"Kaka, bila hiyo hutaona picha," Baba mdogo akasema.

"Najua."

"Shemeji anataka watoto wamwone."

"Watamsikia kwanza," Baba akasema. "Mashine nzee hii. Tusiilemee."

Baba mdogo akakohoa. Kisha akanyamaza, kama nilivyowaambia. Na mimi nyuma pale na birika langu nikaelewa kila kitu, yaani nilielewa kinyume kabisa. Nilijisemea, picha ya nini, na mtu ameshauacha mwili?

Walipomaliza, mashine ilizimwa ikawashwa tena, CD ya Mama ikarudishwa. Kioo kilikuwa cheusi. Katikati ya ule weusi ikazaliwa nukta ya bluu, ikafunguka ikawa ua, ua likayeyuka likawa moshi wa zambarau, na ndani ya ule moshi Mama akatuita. Alituita mimi na Yohana. Kila alipotamka neno, moshi ulitikisika. Akivuta pumzi, ulitulia. Siku hizi najua kwamba programu ile ikikosa picha huchora rangi kufuatana na sauti, ili mtu asichoke kutazama weusi. Wakati ule hakuna aliyenieleza, na wala sikuhitaji kuelezwa, kwa sababu mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa ameshanieleza. Alisema waliokufa katika Bwana hupewa mwili mpya, wa utukufu, usioumwa wala kuzeeka, usio na jeraha wala kovu. Nilimuuliza mwili huo una mikono? Akasema hatujui utakavyokuwa, lakini utang'aa. Na huyu hapa Mama aking'aa.

Na maneno yake, sasa! Hebu sikieni mnihukumu.

"Wanangu, mimi sijambo," alisema. "Maumivu yamekwisha. Huku nilipo ni juu sana, asubuhi ukungu unakuwa chini yetu. Watu wa huku wamevaa nyeupe na wananihudumia vizuri, na asubuhi wanaimba. Wanasema mbele kidogo maua yamefunika mlima wote. Msilie. Mtiini Baba yenu, na tutaonana."

Ni wauguzi na masista, na huko mbele ni hifadhi ya Kitulo, na maua yale watu hutoka Ulaya kuja kuyaona. Mimi nilijuaje? Niambieni mtoto gani wa Kilutheri angesikia maneno hayo asiseme ni mbinguni. Yohana alianza kucheza mbele ya kioo, anazifuata zile rangi kwa mikono, anapiga kelele kwamba Mama anacheza. Bibi hakuzitazama rangi, alimtazama Baba. Baba alikuwa amekaza macho kwenye meza. Nikawahurumia wote. Nikamimina chai.

Jumapili ile, tukitoka kanisani, nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye miwati, ambako Bibi aliokota kuni, na nikamlilia mama yangu. Nililia vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyowaona akina mama wakilia. Kesho yake nikarudi tena baada ya shule, na kesho kutwa. Niliwaza nani atanisuka, nani atanifundisha kukaanga maandazi, na kama Baba ataoa. Nilimwambia Mungu kwamba sina ugomvi naye, rangi ni nzuri, lakini ningependa angemwachia mikono. Baridi ilikuwa kali na kamasi ziliniganda juu ya mdomo. Kisha siku moja nilikwenda, nikakaa, na machozi hayakuja. Nikajua nimemaliza msiba. Nikaokota kuni kidogo ili nisirudi mikono mitupu, nikaenda kumsaidia Bibi kumenya viazi. Tangu hapo kila Jumamosi tulipoiwasha kompyuta na kusikiliza tena ile CD, mimi nilisikiliza nikiwa nimetulia, na Baba akaniambia nimekua. Alinisifu kwa hilo.

Sasa nami nina watoto, namwelewa Baba kuliko zamani. Alitaka kutukinga. Lakini hata leo nikikumbuka ile miwati nina hasira naye kidogo, na nampenda, na vyote viwili vinakaa pamoja bila shida.

Kisha ikaja CD ya pili. Baba mdogo aliileta akiwa hana mizaha. Alimwambia Baba kitu mlangoni, Baba akatikisa kichwa kukataa, wakaingia. Ilikuwa tena Jumamosi, Bibi amekaa kwenye kochi na sufuria la maharage ya kuchambua mapajani. Rangi zikaanza, mara hii za kijani, na Yohana akainuka kucheza. Lakini sauti ya Mama haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea huku anakunja nguo.

"Baba yenu mdogo ananiambia mlifurahi," alisema. "Lakini Dada hajanitumia hata neno moja, na mimi namjua mwanangu, huyo hakosi neno. Daktari ameniruhusu nirudi. Ila kama uso wangu umewatisha, semeni tu, sitakasirika. Nitakwenda kukaa kwa mama yenu mkubwa, Mdandu, mpaka mtakaponizoea."

Hapo nilichanganyikiwa. Daktari, sawa, labda hata huko wapo. Kurudi, nayo tunaambiwa tutafufuka. Lakini Mdandu! Mdandu nilikuwa nimefika, ni Wanging'ombe pale, mama mkubwa ana nguruwe na shamba la mahindi. Nilijitahidi kuipanga Mdandu ndani ya mbingu ikakataa. Nikamgeukia Bibi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu wa dini kuliko wote mle ndani, nikamuuliza kwa heshima zote.

"Bibi, mtu akishakufa anaruhusiwa kwenda kukaa Mdandu?"

Mikono ya Bibi ikasimama kwenye maharage. Akaniuliza nani amekufa. Nikamjibu, Mama.

Yohana peke yake ndiye aliyeendelea kucheza. Baba akageuka na kiti chake, akaniambia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena, kwamba Mama hajafa, Mama yuko Ikonda, yuko hai. Nami nikaitikia, ndiyo Baba. Niliitikia vizuri, huku nikimtazama kwa huruma, vile watu wanavyomwitikia mfiwa anayesema mzee amelala tu. Akarudia. Nikasema tena, ndiyo Baba, na nikamwambia asihangaike, mimi nilishajua tangu aliposhusha picha. Akaitazama ile alama ya mraba ukutani muda mrefu. Akasema Mama ndiye aliyeiomba, alitaka daktari aone sura yake ilivyokuwa. Nikasema, ndiyo Baba.

Hapo ndipo aliponielewa. Hakuwa na neno la kunipa ambalo sikuwa nimeshalisikia misibani.

Bibi akaweka sufuria chini. "Macho hayana pazia, mwanangu," akamwambia Baba. "Hilo pazia umelishona mwenyewe. Mwonyeshe mtoto mama yake."

Baba mdogo alikuwa tayari ameshika ile CD ya kodeki. Ikaingia, orodha ikatokea, na Baba akashusha mshale taratibu mpaka kwenye kile kisanduku. Nilidhani atapita tena. Mshale ukawa unaruka ruka nje ya kisanduku, akakosa mara ya kwanza na mara ya pili. Baba mdogo hakumsaidia, ilikuwa lazima afanye mwenyewe. Tiki ikaingia. Mashine ikasema izimwe iwashwe upya, na mnajua mashine za wakati ule, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi. Tulikaa tukiitazama ikijikokota. Katikati ya kungoja huko Baba akamwambia Bibi, bila kumtazama, kwamba hata yeye hajauona uso wa Mama. Alipomwacha Mama mara ya kwanza uso ulikuwa umefungwa bandeji, na aliporudi kumpelekea nguo alikuta zimefunguliwa, akazungumza naye huku akitazama dirishani. Mwalimu mzima. Bibi akamshika begani.

Rangi hazikuja. Alikuja mtu, amekaa kwenye kitanda cha chuma chenye shuka la kijani, na nyuma yake ukuta mweupe. Upande mmoja alikuwa Mama kabisa. Upande wa pili ngozi ilikuwa nyekundu na kahawia, imekunjamana na kuvutwa kuelekea sikioni, nyusi hakuna, na jicho limekuwa dogo. Alipotamka "wanangu" mdomo ulipanda upande mmoja tu. Yohana akaacha kucheza, akakimbilia nyuma ya Bibi na kujifunika khanga yake. Kisha wote wakanitazama mimi. Hata Mama kule ndani alikuwa kama ananitazama.

Nilisogea mpaka kwenye kioo. Nikaweka kidole pale kwenye lile jeraha lililopona, kioo kikanitekenya kwa umeme wake.

"Ana kovu," nikasema.

Baba akaharakisha kuniambia litapungua, daktari amesema litapungua. Hakuelewa.

"Mbinguni hawana makovu, Baba," nikamwambia. "Yuko hai."

Nikaanza kucheka na nikashindwa kuacha. Nilicheka nimekumbatia kile kichogo cha kompyuta, chenye joto na harufu yake yote, mpaka Baba mdogo akatoka nje kwenda kupumua. Kile alichokificha Baba ndicho pekee ambacho kingeniambia ukweli. Baba hakucheka. Aliirudisha video mwanzo, akavuta kiti karibu, akamtazama mke wake, na ilipokwisha akairudisha tena.

Baba hakungoja mtu amlete Mama. Asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akapanda basi la Makete, na Bibi akatuambia tufagie uani. Waliporudi ilikuwa mchana wenye jua la baridi, lile letu lisilopasha kitu. Mama alikuwa amejifunika khanga kichwani, ameivuta upande ule, na alipofika kwenye ua wa miti akasimama, haingii. Baba naye akasimama nyuma yake na begi. Bibi alitoka na kumwamkia kwa lugha yetu, kamwene, kama vile alikuwa ametoka sokoni tu, kisha akanisukuma mgongoni.

Nilikwenda. Nikamwamkia shikamoo, kwa kuwa sikujua jingine. Akaitikia, lakini hakunigusa. Akaniuliza, uliponiona ulilia? Nikasema hapana.

"Hata kidogo?"

"Nilishamaliza kukulilia, Mama," nikamwambia. "Kule kwenye miwati. Wakati ulipokuwa marehemu."

Mama akageuka akamtazama Baba. Baba alikuwa ameshika begi kwa mikono miwili. Mama akanigeukia akaniuliza nilikuwa nalia na nani. Nikamwambia, peke yangu.

Akaitoa ile khanga kichwani, yote. Akakaa chini palepale njiani, kwenye majani yenye baridi, akanipakata vile nilivyokuwa mkubwa, miguu yangu inaburuza.

"Basi lia tena," akaniambia. "Safari hii nipo."